Jiko la Nakiete na Vyama Viwili

Aliyeisimulia hadithi hii kwanza ni shangazi yetu Namsemba, mchana wa arobaini ya mumewe, mwaka 2001. Nami naisema kama alivyoisema.

Nianze?
— Anza, tusikie!
Nifiche?
— Usifiche!

Hapo kale, si kale sana, palikuwa na mfinyanzi mjane, Nakiete. Alibuni jiko la udongo lenye matundu kiunoni. Kuni tatu tu, maharage yameiva. Akasema, "Hili ndilo litakalonilisha uzeeni."

Nchi ile ilikuwa na vyama viwili, Kinu na Ngazi, na uchaguzi ulikuwa karibu.

Akaja Mwenyekiti wa Kinu. "Mama, ubunifu ni mali ya wote. Tufundishe, nasi tutakulinda sokoni."

Akafundisha. Sasa, wafinyanzi wa kule wana desturi: mwalimu hubonyeza dole gumba kwenye udongo mbichi wa chombo cha kwanza cha mwanafunzi, kukibariki. Mwenyekiti akaleta jiko bichi. "Tubariki, mama."

Akabonyeza.

Akaja Katibu wa Ngazi. "Wamekuibia hao! Sisi tunasema aliyebuni amiliki. Tufundishe, tukuandikishie haki yako."

Akafundisha. "Tubariki, mama."

Akabonyeza. Mnacheka? Kule anayekataa kubariki huitwa mchawi.

Ngazi wakashinda. Siku ya gulio Nakiete akashusha majiko kumi. Mgambo huyu hapa.

"Kibali, bi mkubwa?"

"Cha nini? Jiko nimelibuni mimi."

"Hili ni jiko la Ngazi. Limeandikishwa."

Akakimbilia kwa Mwenyekiti wa Kinu. Wakaenda wote barazani. Katibu wa Ngazi akaweka jiko mezani.

"Dole hili la nani?"

"Langu."

"Ulishikwa mkono?"

"Hapana."

"Basi ulitupatia kwa hiari."

Mwenyekiti wa Kinu naye akatoa lake. "Na hili?"

"Langu pia. Lakini baba, si umekuja kunitetea?"

"Natetea ushindani, mama."

Wakubwa hao wawili wakanong'ona. Gulio la juu likawa la Ngazi, la chini likawa la Kinu. Wakapeana mikono, wakasema soko sasa ni huru.

"Na mimi niuze wapi?"

"Wewe mwanachama wa wapi?"

 Majiko yake kumi yakavunjwa kulekule gulioni, kwa kosa la kuiga.

Tulimwuliza shangazi, "Ikawaje?" Akasema mkwe wa Nakiete alimnunulia mama mkwe jiko gulioni. Matundu walikuwa wameyashusha chini, linafuka moshi. Nakiete alilipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, akapika.

Yangu nimeyatua hapa.
— Tumeyaona!
Mwenye nguvu ayabebe.

Shangazi Namsemba hayupo tena. Mwenyekiti wa Kinu alifariki. Katibu wa Ngazi yu hai, ni mbunge. Nakiete yu hai, anauza kuni.