Tangazo la Mlangoni

Wahenga hawakusema kwamba upofu ni neema. Upofu ni taabu, na anayebisha ajifunge kitambaa machoni kisha aende kuteka maji ziwani. Walichosema ni kwamba iko taabu iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya mtu mwenye macho mazima ambaye moyo wake haumwoni mwenzake. Mwasiti wa Rumonge aliijua maana hiyo kambini.

Zama hizo Wadachi ndio waliotawala, na ugonjwa wa malale ulikuwa ukifagia vijiji vya ufuoni hadi Nyanza. Kambi ya matibabu ilijengwa karibu na Kigwena, kando ya michikichi. Sindano za daktari ziliokoa wengi, lakini baadhi yao ziliwaachia giza. Mwasiti alikuwa mmoja wao: malale yalimwacha, na macho nayo yakamwacha. Sasa alikuwa amemsindikiza mdogo wake, Radhia, aliyefikiwa na zamu ya kuchomwa.

Wakiwa mstarini, Mwasiti alisikia upepo ukipigapiga kitu juu ya mlango.

"Nini ile?"

"Karatasi, dada. Iko na maandishi ya Kizungu."

Radhia alijua kusoma herufi za Kiarabu tu. Mzee Saif mwenye duka, aliyesimama mbele yao, naye alikuwa hivyo hivyo. Mwasiti akapapasa ukuta mpaka kwenye meza ya Assumani, karani aliyeletwa kutoka pwani.

"Bwana karani, ile karatasi iko inasema nini?"

"Ni tangazo la wagonjwa wa macho."

"Basi mutusomee."

"Si limebandikwa? Mwenye macho haambiwi tazama."

Mwasiti alihisi damu ikimchemka. Tangazo la wagonjwa wa macho, likaandikwa, tena likapandishwa juu ya mlango! Mtu mwenye akili zake atamwitaje kiziwi kwa ngoma? Alikwenda akaketi kizingitini, akanyoosha miguu.

Assumani alimpungia mkono aondoke. Alipunga mpaka akachoka, ndipo akakumbuka kwamba hamwoni.

"Mama, toka njiani!"

"Munisamehe, mimi sioni njia. Hapiti mutu hapa mpaka lisomwe."

"Mama, sisi tunaungua na jua!" alilalamika mtu wa nyuma.

"Muungue kidogo."

Karani alisonya, akainuka, akasoma kwa ukali: "Mgonjwa yeyote anayeanza kuona ukungu asichomwe sindano tena. Amweleze daktari kwanza, asije akapofuka."

Maneno ya mwisho aliyasoma polepole. Ilikuwa wazi kwamba hata yeye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza.

"Niliambiwa nibandike," alisema. "Sikuambiwa nisome."

Radhia akamshika dada yake bega. "Dada, mimi niko naona ukungu. Nilifikiri ni moshi tu, wa kubanika samaki."

Mwasiti akamvuta, akamkalisha pembeni yake, akamshika mkono kwa nguvu. Kisha akamgeukia karani.

"Ilibandikwa lini?"

"Kabla ya mfungo wa Ramadhani."

Sindano yake ya mwisho Mwasiti alichomwa baada ya Idi. Alipita mlango huu huu, chini ya karatasi hii hii, akiona ukungu, siku ambazo bado aliweza kuutambua uso wa Radhia. Alitamani kulia na kupiga kelele kwa pamoja.

"Mama," Assumani alianza, na sauti yake ilikuwa imenywea, "mimi sikujua..."

"Soma tena."

"Nimekwisha soma."

"Soma tena, kwa nguvu. Wa nyuma hawakusikia."

Akasoma. Mzee Saif alitoka mstarini akifikicha macho, na nyuma yake wakatoka wengine, wakaenda kumngoja daktari. Radhia hakuchomwa siku ile. Na kila Assumani aliponyamaza, Mwasiti alimwamuru aanze upya, machozi yakimtiririka kwenye macho yasiyoona kitu. Naam, heri kufa macho kuliko kufa moyo.