Tawi Bichi la Mzee Nyati

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na majiko yanayofuka moshi, siku ya Jumatano, saa moja na nusu asubuhi, Digidigi alifika njia panda na kibuyu cha maji kichwani, akasimama ghafla. Kibuyu kikayumba. Chubwi! Maji yakammwagikia mgongoni.

"Yarabi!" alisema.

Mbele yake, katikati ya njia ya kupanda kilimani, palikuwa na tawi bichi la mkwaju, majani tele, limelazwa kutoka ukingo hadi ukingo.

Ngojeni, watoto, nisije nikawaacha nyuma. Mji wao uliitwa Kibomani. Ulikuwa mji mkongwe kando ya Mto Luvele, wenye ukuta wa mawe ulioota nyasi, na magofu ambayo hata babu zao hawakujua ni nani aliyeyajenga. Nyuma ya mji vilisimama vilima, na huko vilimani kulikuwa na vijia vya kila namna: cha kufuata ukuta, cha kuzunguka miamba, cha kuchungulia mto kutoka juu. Ili uvifikie vyote, ulipita kwanza hapo njia panda. Pembeni ni mwamba mtupu na miba.

Wageni walitoka mbali kuja kutembea vilimani, na aliyewatembeza ni Digidigi. Miguu kama vijiti, macho kama ya mtu aliyesahau chungu jikoni. Lakini ukimuuliza njia, atakutajia mpaka jiwe linaloteleza.

Na Kibomani walikuwa na desturi yao. Tawi bichi likilazwa njiani, njia imefungwa. Labda mbele kuna nyuki, labda mawe yameporomoka. Huruki, huzunguki, unarudi. Aliyelilaza ndiye anayeliondoa, au yule aliyekabidhiwa naye mbele ya watu.

"Shoga! Shoga yangu!" Nguchiro, jirani yake, alikuja mbio, mkia juu. "Umeliona? Mzee Nyati huyo! Kalilaza mwenyewe!"

"Kuna nyuki?"

"Nyuki wapi! Anataka kulala!"

Digidigi alitazama kilimani. Juu kileleni aliishi mama yake, mguu umeteguka, hawezi kushuka. Na kule juu hakuna hata tone la maji. Mtungi wa jana ulikuwa umebaki na nusu kikombe. Aliutazama mwenyewe jana jioni kabla ya kushuka.

Nyumba ya Mzee Nyati ilikuwa hapo hapo, chini ya kilima. Alikuwa amekaa kibarazani na shemeji yake, Kiboko, wanakunywa uji.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Rudi ulikotoka," alisema Nyati.

"Mzee, njia..."

"Imefungwa! Wageni wako wanapita chini ya dirisha langu, kwata kwata kwata! Jana mmoja kaimba! Kaimba, shemeji, mimi nimelala!"

"Tena sauti mbaya," alisema Kiboko.

"Wageni nitawarudisha, Mzee. Nipite mimi tu. Mama yangu hana maji."

Nyati aliramba uji puani. "Tawi ni tawi."

"Mpaka lini, Mzee?"

"Mpaka nishibe usingizi. Likinyauka nitalaza jingine."

"Ho! Ho! Ho!" Kiboko alicheka mpaka bakuli likamtoka mkononi. Paa!

Digidigi alisimama pale, kinywa wazi. Hakuamini. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anasikia kwamba kuna mgonjwa hana maji, anaendelea kunywa uji! Alitaka kukimbia. Miguu ilikwisha kugeuka, lakini neno likamrudisha. Tawi ni tawi.

"Umesema kweli, Mzee," alisema polepole. "Ila sokoni wanasema tawi lako ni la kutishia wadogo. Wakubwa watavuka tu."

Masikio ya Nyati yalisimama. "Nani kasema?"

"Mimi nitaje majina ya watu, Mzee? Nimesikia tu. Wanasema, Nyati mwenyewe akikuta tawi la mtu atalikanyaga."

"Mimi? Mimi nidharau desturi?"

Nyati aliinuka. Kiti kilianguka, uji ulimwagika, na huyo, akashuka sokoni akipuliza pua, pfuu! pfuu! Akapanda juu ya jiwe la wauza samaki.

"Watu wa Kibomani! Mkubwa, mdogo, mwenye pembe, asiye na pembe! Atakayevuka tawi bichi, hata liwe limelazwa na nani, atahama mji huu leo hii na masufuria yake!"

"Hata wewe, Mzee?" sauti nyembamba ilitoka nyuma ya vikapu.

"Hata mimi!"

"Ehee!" wakashtuka wote. Muuza samaki aliangusha kambare.

Jua lilipokuwa utosini, Nyati na Kiboko walikwenda dimbwini, kama desturi yao. Dimbwi lao la tope lilikuwa kati ya miamba, pande tatu ukuta wa mawe, upande mmoja uwazi wa kutokea. Wakajitumbukiza. Plopu! Plopu! Punde wakaanza kukoroma, na tope likatoa mapovu.

Digidigi alikuja akiburuta tawi bichi la mkwaju, Nguchiro kashika mwisho mwingine.

"Shoga, tutakufa," alinong'ona Nguchiro.

"Vuta."

"Tutakufa, halafu tutazikwa pamoja, na mimi sina hata deni nawe!"

"Vuta, shoga. Kushoto kidogo. Bado kuna upenyo."

"Upenyo gani? Hata sisimizi hapiti!"

"Upo. Vuta."

Wakalilaza uwazini. Kisha Nguchiro akachomoka kwenda kuita watu.

Nyati alipoamka, alijinyoosha, akapiga hatua mbili kwenda kutoka, akaganda. Tawi. Nyuma ya tawi, Kibomani nzima imesimama. Alitazama kushoto, mwamba. Kulia, mwamba. Nyuma, Kiboko.

"Nani?" alisema. "Nani kalilaza hili?"

Watu wakatazamana. Digidigi akatoka mbele.

"Mimi, Mzee. Nikabidhi tawi lako la njia panda, nami nitaliondoa hili langu."

"Wewe? WEWE?" Nyati aliangua mngurumo, kunguru wakaruka. Akainua mguu wa mbele juu ya tawi. Mguu ulikuwa mkubwa kuliko Digidigi mzima. Digidigi akafumba macho.

"Shemeji!" Kiboko alimdaka mkia. "Usikanyage! Umeapa! Ukivuka tunahama! Masufuria yangu mimi yako mtoni, nitayabebaje?"

"Niache!"

"Sikuachi! Na mimi hapa tope linanikauka, ngozi inapasuka! Krrk! Umesikia? Huo ni mgongo wangu! Mkabidhi mtoto wa watu tawi lako, yaishe!"

Mguu ulibaki hewani. Nyati aliwatazama watu, na watu walimtazama. Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtia baridi: walikuwa wanangoja tu waone kama neno lake lina uzito. Akaushusha mguu polepole, upande wa ndani.

"Mama yako... amekunywa maji leo?"

"Nusu kikombe, Mzee. Tangu jana."

Nyati aliwageukia watu. "Mbele yenu nyote," alisema, "tawi langu namkabidhi Digidigi. Aliondoe."

Digidigi hakungoja kushangiliwa. Alivuta tawi lake kando, Kiboko akapita kama gogo kwenye maporomoko, buruburuburu, mpaka mtoni. Naye mwenyewe akakimbia njia panda, akalitupa tawi la Nyati, akapanda kilima na kibuyu kilichojaa. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni, midomo imekauka.

"Mwanangu, leo umechelewa," alisema mama, akanywa, akanywa, akanywa.

Watoto, mtu anayefunga njia kwa sheria asiyotarajia imguse mwenyewe, hajaitazama sheria yake vizuri.

Na kesho yake asubuhi, Digidigi aliwapanga wageni njia panda, akawaambia wavue viatu. Walipofika chini ya dirisha la Mzee Nyati, aliwageukia, akaweka ukwato mdomoni.

"Ssss," alisema. "Mzee amelala."

Wakapita wote kwa ncha za vidole, mmoja mmoja, mpaka juu.