Kihwelo na Ngwe za Majimbo Tisa

Kabla sijaanza, ndugu zangu wa Usanje, acheni nitubu. Mwaka nilipogombea uongozi wa kata, niliisimulia habari hii jukwaani nikasema Kihwelo alikuwa wa Mkengwa kwa baba na kwa mama, damu yetu tupu, ili watu wa kwetu wanipigie kura. Ulikuwa uongo, tena niliusema nikiwa nimetoka kusali. Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe. Mimi shule yangu ni darasa la saba, lakini leo nitasema kama bibi yangu alivyonipa.

Zama za mababu, nchi hii ilipokuwa majimbo tisa na kila jimbo na mkuki wake, kabla kengele ya ibada haijasikika katika milima hii, alikuwako Kihwelo mwana wa Mdegela mwana wa Kipule, wa Mkengwa kwa baba; na kwa mama alikuwa mtoto wa Semkonda binti Ngulo, wa Isuvi, ng'ambo ya mto. Huyo ndiye Jembe Lisilochoka, Mng'oa-Visiki, aliyekitoa kisiki cha mvule ardhini kwa mikono miwili akakiweka begani kama mtu abebavyo mtoto aliyelala.

Siku zile Mkengwa na Isuvi waligombea ziwa la chumvi lililo mpakani, na majimbo mengine saba yakagawanyika, haya huku, yale kule. Wazee wakatamka kwamba mahindi yakishaota vijana waende vitani. Wazee ndio waliokata shauri, vijana ndio waliokufa, maana kijana hakuwa na kigoda barazani. Alikuwa na bega tu la kumbebea mzee kigoda chake. Kihwelo akauona msiba wake: ama awachome mkuki wajomba zake, ama wajomba wamchome yeye.

Akasimama barazani akataka kusema. Mzee Mwachula, msemaji wa Mkengwa, akacheka hadi akashika mbavu.

"Keti, mjukuu wangu. Ndevu zako hata kuku anaweza kuzihesabu, nawe unataka kutupangia?"

Hapo Kihwelo akafanya kosa. Alipanda kilimani akapuliza pembe ya Mkengwa, akawaita vijana wa majimbo yote tisa wafanye umoja. Walikuja, lakini walikuja na mikuki, maana pembe ile haikuwahi kuwaitia heri. Kila jimbo likaketi kivyake, na kabla neno halijasemwa mawe yakaanza kuruka. Jua lilipopinduka alibaki uwanjani peke yake, akalia. Naam, shujaa alilia. Bibi hakunificha hilo.

Mama yake akamwambia, "Umewaita kwa pembe ya baba yako. Nani wa Isuvi ataisikia pembe hiyo auache mkuki nyumbani? Chukua jembe, mwanangu."

Kwa maana ilikuwako mila, na haikuvunjwa na mtu yeyote: aliyelima ngwe shambani mwako, yaani kile kipande anachopimiwa mtu mmoja kulima, wewe na nyumba yako hammwinulii mkuki, yeye wala jamaa zake, mpaka mazao ya shamba lile yaliwe.

Kihwelo akavuka mto, akaingia shamba la mjomba wake, akamaliza ngwe saba kabla jua halijafika utosini. Vijana wa Isuvi wakaja kumtania.

"We Mkengwa, unalima au unaikuna ardhi mgongo?"

"Naikuna, wajomba zangu. Imewashwa tangu mlipoishika ninyi."

Wakacheka, wakamletea togwa, wakamuuliza anataka ujira gani. Akasema, "Ujira wangu ni huu: kila mmoja wenu akalime ngwe moja kwa jirani asiyempenda."

Msichana mmoja, Nyangasi, akatwaa jembe lake. "Asiyempenda? Basi mimi nakwenda kwenu."

Ndivyo ulivyoanza Umoja wa Ngwe. Kihwelo akazunguka majimbo yote tisa, na kila alipolima aliacha wawili, mvulana na msichana, wa kuwapimia wenzao ngwe na kuwatuma jimbo la pili. Hao wakatuma wengine, hata mvua zilipoanza hapakuwa na shamba Usanje ambalo halikulimwa na mkono wa mbali.

Mahindi yakaota, ngoma za vita zikalia. Vijana wakatoka maelfu, na majembe begani.

"Mikuki iko wapi?" akafoka Mwachula.

Nyangasi akajibu, "Babu, ulezi wako ulilimwa na mimi, wa Isuvi. Chagua: ukaung'oe, au ukae."

Mzee akakaa. Na kwa kuwa kila mzee alikuwa na shamba lililolimwa hivyo, vita vikafa vyenyewe, na ziwa likawa la wote.

Ndipo Kihwelo akatamka: "Hatutaki vigoda vyenu, wazee wetu. Chongeni vingine, viwili kwa kila jimbo, vya vijana. Na akaliaye ainuke siku mwanawe wa kwanza atakapomaliza ngwe yake ya kwanza."

Wakachonga. Kihwelo alikalia kimoja cha Mkengwa miaka kumi na mitatu; kisha binti yake akamaliza ngwe, naye akainuka siku hiyohiyo, ingawa watu walimsihi. Akaaga, akatia jembe begani, akapita mpaka wa jimbo la tisa kwenda kulima kwa watu tusiowajua. Kaburi lake halijaonekana. Lakini mpaka leo kijana wa Usanje akisimama kusema kikaoni huulizwa, "Umelima wapi?" naye hutaja jimbo lisilo lake.

Basi, ndugu msikilizaji, msimu huu mwanao akikuomba ruhusa aende na wenzake kulima jimbo jingine, nakuomba umruhusu.