Maji Yote ni ya Sultani

Palikuwa na sultani mmoja, Zahrani wa Maweni, aliyetaka kushukuriwa kwa kila ndoo ya maji. Sisemi kila mwaka, jamani, wala kila Ijumaa. Kila ndoo.

Mpiga mbiu alipanda Fukuni, mji ulioko juu ya Maweni, kisha akateremka hadi Bondeni, mji ulioko chini yake. Kote alitangaza hivi: maji yote yaliyomo ardhini ni ya Sultani. Anayeteka aelekee jumba lake, ainame, aseme, "Ahsante, Bwana Mkubwa." Asiyesema atachapwa viboko.

Fukuni wakasema. Maweni wakasema. Shida ilikuwa Bondeni, maana huko mtu alishukuru huku amebana pua. Sultani alikuwa na kiwanda cha ngozi mwisho wa mji wake, upande wa mteremko. Ngozi zililowekwa kwenye mashimo ya chokaa na magome ya miti, ule uchafu ukazama ardhini polepole, ukaja kutokea visimani Bondeni. Maji yakawa na rangi ya chai iliyolala na harufu ya kiatu kilicholoa. Watoto waliharisha mpaka wakalegea.

Wazee wa Fukuni na Bondeni wakaunda baraza la maji, wapatane vyoo vichimbwe wapi, visima viende kina gani, na nani asimwage nini. Wakamwalika na Sultani. Akawajibu kwamba mwenye mali hakai kikao kimoja na waombaji.

Sasa Bondeni alikuwapo mchimba visima, Bi Mize, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usiojua cheo cha mtu. Bintiye alikuwa na kichanga cha siku tisa, na kile kichanga kilikuwa kimechubuka mgongo mzima kwa maji ya kuogea. Bi Mize alimtazama mjukuu wake, akaweka sururu chini, akajifunga leso, akapanda Maweni hadi barazani kwa Kadhi. Sultani mwenyewe alikuwa ameketi pale, anakunywa maji kwa kikombe cha fedha.

"Nimekuja kushtaki," akasema Bi Mize.

"Unamshtaki nani?" akauliza Kadhi.

"Sijamjua bado, Sheikh. Namtafuta mwenye maji."

Sultani akacheka. "Mwenye maji ni mimi."

"Yote, Bwana?"

"Yote."

"Hata yanayopita chini ya Bondeni?"

"Yakipita chini ya kitanda chako ni yangu."

"Na yaliyomo ndani yake?"

"Maji yangu, matope yangu, vyura wangu. Umeridhika?"

"Nimeridhika sana. Sheikh, naomba uandike."

Kadhi akaandika.

"Sasa niulize," akasema Bi Mize. "Ng'ombe wa mtu akiingia shambani kwangu akala mahindi, nani anajibu?"

"Mwenye ng'ombe," akasema Kadhi.

"Basi maji ya Bwana Mkubwa yameingia kisimani kwangu bila hodi. Yameniulia mbuzi wawili, yamemchubua mjukuu wangu. Mwenyewe amekiri mbele yako. Namshtaki yeye."

Baraza zima likatazama dari. Mzee mmoja akakohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko. Kadhi akashika ndevu zake. Sheria ilikuwa kwa Bi Mize, lakini shingo ya Kadhi mwenyewe ilikuwa kwa Sultani.

Sultani naye hakuwa mjinga. "Futa," akasema. "Maji ni yangu yakiwa chini ya Maweni. Yakivuka mpaka, ni ya yule aliyevukiwa, pamoja na kila yanachobeba. Na huyu mama akimaliza maneno yake apewe viboko thelathini."

"Aliyevukiwa hana pa kulalamika?" akauliza Bi Mize.

"Hana."

"Kwa miji yote?"

"Miji yote. Andika, Kadhi. Hiyo ni sheria."

Kadhi akafuta, akaandika upya.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mize. "Fukuni watafurahi."

"Fukuni wameingiaje hapa?"

"Wana vyoo arobaini, Bwana, na zizi la punda. Kwa muda mrefu walitaka kuvisogeza mpakani, karibu na ukuta wako, wakawa wanaona haya. Sasa sheria imewatoa haya."

"Na mimi yananihusu nini?"

"Mwaka jana mimi ndiye niliyeshuka kusafisha kisima chako. Chemchemi zake zote nne zinatokea upande wa juu. Unayokunywa yametoka Fukuni."

Sultani akakitazama kikombe chake. Akakiweka chini, kisha akakisukuma kando kwa kidole kimoja.

"Mtaninywesha maji ya choo?"

"Sisi, Bwana? Yakishavuka ni yako."

"Na nikikuchapa?"

"Nichape. Lakini punda wa Fukuni hawatapata habari."

Hapo hata askari wa mlangoni aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika. Sultani akakitazama tena kikombe chake.

"Mnataka nini?" akauliza mwishowe.

"Kiwanda kihamie ng'ambo ya korongo, ambako hakuna kisima chini yake. Kisha uje ukae nasi kwenye baraza la maji, miji yote mitatu."

"Kiwanda kitahama kabla mwezi haujaandama," akasema Sultani. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni sultani, akanyoosha mgongo. "Na barazani nitakuja. Lakini mkubwa wa baraza niwe mimi. Katika kila jambo wa kwanza niwe mimi, mtu yeyote asinitangulie."

Bi Mize akainama kwa adabu zote.

"Hilo halina ubishi, Bwana. Mkubwa wa baraza ndiye anayeonja maji ya kila kisima kabla ya mtu mwingine kunywa. Leo tunaanza na cha kwangu."