Salamu ya Mstari wa Kwanza

Methali isemayo "maji yakimwagika hayazoleki" ina maana kwamba jambo likishatoka mikononi mwako likawafikia wengine, huwezi tena kulirudisha lilivyokuwa. Wahenga walioisema hawakuwahi kuiona kompyuta, lakini walimjua Bwana Insha kuliko alivyojijua mwenyewe.

Bwana Insha lilikuwa jina la utani. Shuleni alishinda mashindano yote ya uandishi, na hata alipokuwa fundi wa kompyuta kalamu haikumtoka mkononi. Kampuni yake ilikuwa ikiunda mfumo endeshi, ule unaozibeba programu nyingine zote mgongoni. Yeye alikabidhiwa kazi ya kubuni namna mfumo utakavyozieleza programu hali ya mashine: ina joto kiasi gani, imebakiwa na kumbukumbu kiasi gani, na kadhalika.

Dada yake wa toka nitoke aliandika programu katika chumba cha pili, ukuta kwa ukuta.

"Mdogo wangu, kila habari ipe mlango wake," alimshauri. "Programu ikitaka joto, iulize joto, ijibiwe namba, iende zake."

"Dada, huo utakuwa mfumo au karani mwenye hasira? Mimi nitawapa ukurasa unaosomeka."

Akawapa ukurasa. Mstari wa kwanza ulisema: "Hamjambo, wanangu? Hali ya mashine ni kama ifuatavyo." Wa pili ulikuwa joto, wa tatu kumbukumbu, na mingine ikafuata. Kila wiki aliyapiga msasa maneno yake: leo "joto", kesho "kiwango cha joto", keshokutwa "jotoridi la mashine". Waandishi wa programu walichoka kumkimbiza. Wakaacha kutafuta maneno, wakawa wanahesabu mistari tu: ruka salamu, chukua unaofuata, hilo ndilo joto. Dada naye akafanya vivyo hivyo, shingo upande.

Mwaka ukapita. Mkurugenzi akatangaza kwamba wageni kutoka hospitali kubwa wanakuja kuuona mfumo, na wakiridhika watauweka katika kompyuta zao mia tatu. Akamnong'oneza Bwana Insha kuwa mambo yakienda sawa, yeye ndiye atakayekuwa mkuu wa idara. Bwana Insha hakuweza kuvumilia. Alimpigia mama yake simu akiwa bado kwenye ngazi: "Mama, mkuu mpya ni mimi." Kabla ya saa sita mchana mtaa mzima ulikuwa na habari.

Asubuhi ya siku yenyewe, mkurugenzi aliupitia ule ukurasa akakunja uso.

"Hii 'hamjambo, wanangu' ni ya nini? Hawa ni madaktari, bwana. Itoe."

"Ni mstari mmoja tu," Bwana Insha akajibu, akaufuta. Dada yake alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, lakini hakumwambia. Kumwambia kungekuwa kukiri kwamba salamu haikuwa na kazi tangu mwanzo, na hilo hakulitaka.

Wageni wakaketi. Mkurugenzi akaiwasha kompyuta kwa madaha. Programu ya dada, iliyowekwa kuilinda mashine isiungue, ikaruka mstari wa kwanza kama ilivyofundishwa, ikachukua wa pili. Kumbe joto lilikuwa limehamia mstari wa kwanza, na mstari wa pili sasa ulikuwa kumbukumbu iliyobaki: mia tisa. Programu hiyo ikasoma joto la nyuzi mia tisa. Feni zikavuma hadi karatasi zikaruka mezani, king'ora kikalia, na sauti ya upole ikasema, "Moto. Tafadhali tokeni chumbani." Wageni wakatoka mbio. Mkurugenzi ndiye aliyefika mlangoni wa kwanza.

Daktari mmoja, mama wa makamo, alibaki. Akaiwekea mashine kiganja kama anayepima homa ya mtoto.

"Mbona baridi?" akauliza.

Dada aliingia, akautazama ukurasa, kisha akamtazama mdogo wake. "Umefuta salamu."

"Mkurugenzi alisema..."

"Programu arobaini zinairuka hiyo salamu kila dakika. Irudishe."

Akairudisha. Feni zikatulia. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, akawaita wenzake waliokuwa tayari kwenye maegesho. "Rudini, haina homa. Ilisahau kusalimu tu."

Hospitali iliuchukua mfumo. Cheo, hata hivyo, mkurugenzi alimpa dada. Kazi yake ya kwanza ikawa kujenga milango, kila habari na wake, na programu mpya zikaanza kupita humo.

"Sasa mkuu," Bwana Insha akamwomba siku moja, "niifute basi ile salamu? Inanichoma roho kila nikiiona."

"Zile arobaini bado zipo, na sasa ziko hospitali nzima. Itakaa hapo mpaka tustaafu."

"Na mama je? Nimemwambia ukweli mara nne, bado ananitambulisha kwa majirani kama mkuu."

"Jana amenipigia," dada akasema bila kuinua macho. "Ameniasa nikuheshimu kazini, maana wewe ndiye mkubwa wangu."

Bwana Insha akarudi mezani kwake, akaufungua ukurasa. Salamu ilikuwa palepale, mstari wa kwanza, ikiwauliza wanawe kama hawajambo. Akaufunga ukurasa. Maji yakimwagika hayazoleki.