Nne kwa Kumi

Kalamu nyekundu haioni machozi. Mmeusikia msemo huo leo sokoni, mkacheka, mkadhani ni utani wa kuwasuta walimu. Haya, sogeeni, nafasi ipo. Msemo huu ulianzia langoni kwa Mwalimu Mwakio, mchana kweupe, katikati ya ugomvi wa majirani.

"Nne kwa kumi!" Mghoi alikuwa akipiga kelele, karatasi mkononi. "Mimi nakuita, wewe unanipa nne kwa kumi!"

"Na hizo nne ni huruma tu," alijibu Mwalimu Mwakio kutoka barazani, redio ikiunguruma. "Nilikufundisha mwenyewe hadi darasa la saba, na bado herufi kubwa zinakushinda. Nukta huweki. Kitenzi cha jana unakiweka kesho!"

Majirani walikwisha kuchungulia. Nani angekosa? Tangu astaafu, Mwalimu alikuwa ametundika kopo langoni: anayemtaka saa za mapumziko aandike, tena kwa Kiingereza, ili kijiji kisisahau shule. Hodi hakuitikia. Ukiandika, karatasi yako ilirudi koponi imejaa wino mwekundu, na alama chini. Aliyeomba chumvi alipata tano. Aliyealika watu harusini alipata sita, akaringa mwezi mzima. Kijiji kilicheka, na Mwalimu aliupenda mchezo huo kuliko chai.

Siku hiyo Mghoi hakucheka.

"Soma," alisema.

"Nimeshasoma."

"Umehesabu makosa. Soma!"

Mwalimu akashuka, akaipokea karatasi, akavaa miwani. Mwanzo aliona kazi yake mwenyewe tu: koma alizoongeza, mstari chini ya neno lililokosa herufi. Pembeni palikuwa na doa, wino umechuruzika. Alikuwa amelizungushia duara na kuandika: uchafu. Kisha maneno ya Mghoi yakaanza kujitokeza, moja moja, chini ya wekundu ule. Wakesho. Damu. Mtoto ametanguliza mguu. Gari lako.

Wakesho alikuwa mkaza mwana wa Mghoi, na gari la Mwalimu lilikuwa la pekee mlimani kote.

"Hili doa..."

"Ni chozi, Mwalimu. Nalo umelisahihisha."

Mwalimu alikimbilia gari na kandambili mguu mmoja. Gari likakohoa, likazima. Likakohoa tena, likazima. Majirani walewale waliokuja kwa umbea wakalisukuma hadi mteremkoni, likawaka. Wakesho akalazwa nyuma, kichwa mapajani mwa Mghoi, mama mkwe wake.

Hadi hospitali bondeni kulikuwa na kona kumi na moja. Katika kila kona Mwalimu alisikia kilio cha yule binti, akauma meno. Baada ya kona ya saba hakusikia kitu.

"Mghoi?"

Akakata kona ya nane.

"Mghoi, mbona kimya?"

"Endesha!"

Jua lilikuwa limeshuka mkunga alipotoka. "Mama yuko hai. Mtoto naye yuko hai, wa kike. Mngechelewa robo saa nyingine, ningetoka na maneno mengine."

Robo saa. Mwalimu aliijua robo saa ile ilivyo. Ndiyo aliyoitumia barazani akitafuta pa kuweka koma.

Siku Wakesho alipoletwa nyumbani na mwanawe, watu walijaa hadi uani, vicheko na vigelegele. Mwalimu alisimama nje ya ua, kopo lake kwapani. Alikuwa ameling'oa langoni kwa mikono yake.

"Mghoi, mimi... nilikuwa..." Sentensi ikamkatikia mdomoni, yeye ambaye hakuwahi kuacha sentensi bila nukta.

Mghoi alilichukua lile kopo, akaliweka chini.

"Kalamu nyekundu haioni machozi, Mwalimu," alisema. "Lakini wewe leo una macho, tena naona yamelowa. Sahani yako ya kimanga inapoa. Ingia ule."