Vifungo vya Mti wa Uani

Mwaka ule mti wa uani kwa fundi cherehani ulitoa kitu ambacho haukuwahi kukitoa. Vilikuwa viduara vya kahawia, vigumu, laini kama vimepigwa msasa, vimeng'ang'ania vitawi. Asubuhi ukungu ulipotanda, vilionekana kana kwamba vinaelea hewani vyenyewe. Fundi, mjane mwenye binti mmoja tu, alisimama mlangoni akivitazama hadi chai yake ikapoa.

Binti huyo alikuwa anaolewa Jumamosi, na fundi alikuwa ameapa kwamba gauni la mwanawe halitaguswa na mkono mwingine. Vilibaki vifungo ishirini na viwili vya mgongoni. Vya dukani vilimchefua. Basi akachuma vile viduara, akavivalisha hariri nyeupe kimoja kimoja, akavishona. Lo, vilipendeza!

Wifi yake, mfanyakazi wa bustani ya miche, alikipapasa kimoja. "Wifi, hivi unajua hiki ni kitu gani?"

"Kokwa ni kokwa. Unataka niitafutie cheti cha kuzaliwa?"

"Nipe kimoja tu nikamwulize bwana miti kazini."

"Nikupe, halafu gauni libaki na pengo? Hebu niondolee balaa!"

Wifi akaliachia gauni, yakaisha.

Jumamosi, jua likimwagika dirishani, binti alisimama ndani ya gauni lake, mzuri mpaka mama akatabasamu peke yake. Mara kifungo kimoja kikatikisika. Hariri ikatoboka, kijidudu chenye mabawa ya dhahabu kikachomoza, kikajinyoosha, kikaruka. Kikafuata kingine, na kingine, hadi chumba kikawa kama ndoto.

"Mama, mgongo unanitekenya!" binti alicheka. Kisha akageuka, akajiona kwenye kioo, akaangua kilio.

Wifi alikipasua kifungo kimoja. Ndani mlikuwa na kijumba kitupu. "Si kokwa hii, wifi. Mdudu alitaga kwenye kitawi, mti ukavimba kulizunguka yai lake."

Fundi alivikata vyote kwa mkasi, aibu ikimchoma. Muda ulikuwa umekwisha. Ilimbidi amshonee mwanawe gauni mwilini, mshono kwa mshono, machozi yakidondokea hariri.

"Si ungeuliza tu, mama," binti alisema polepole.

Fundi alikata uzi kwa meno. Hakika, usilolijua ni usiku wa giza.